Wadai Wasikutafute: Kuongoza Biashara Wakati Pesa Hazitoshi

Nina bekari ndogo Kisumu, upande wa Mamboleo. Watu wakitaka ushauri wa biashara kwangu huniuliza namna ya kupata wateja. Mimi tangu 2020 swali linaloninyima usingizi ni jingine: mwenye biashara afanye nini mwezi ambao pesa zilizopo haziwatoshi wote wanaomdai? Mauzo yakiwa mazuri, hata asiyejua kuongoza huonekana kiongozi. Pesa zikipungua ndipo watu humwangalia vizuri.

Ninachoamini ni hiki: habari mbaya itoke kinywani mwako, mapema, na iwe na tarakimu. Mengine yote nitakayosema hapa ni matawi ya hilo.

Machi 2020 shule zilifungwa, na tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Shule za bweni ndizo zilizokuwa zikichukua karibu nusu ya mikate yetu. Iliyobaki ilikuwa ya vibanda vya Manyatta na Nyalenda, na kibanda huuza mkate jioni, watu wakirudi kutoka kazini. Kwa hiyo tulipigwa pande zote mbili kwa mpigo.

Niliwaita wafanyakazi wote uani, nikaegemeza ubao kwenye kreti za mikate, nikaandika: pesa zilizo benki, magunia ya unga yaliyobaki, kodi, stima, mkopo, mishahara. Chini yake nikaandika kwamba tukiendelea vile vile, pesa zitaisha katikati ya Mei. Kimya. Kisha mzee wetu wa oveni, ambaye hupenda kuongea mwisho, siku hiyo akaongea kwanza: “Na wewe, Mama, unachukua ngapi?”

Jibu lilikuwa tayari kwenye ubao, mstari wa mwisho: sifuri, Aprili na Mei. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, hata kama litaulizwa kwa macho tu. Usithubutu kumwomba mfanyakazi apunguziwe siku za kazi huku gari lako likiendelea kujazwa mafuta kwa pesa za biashara. Vijana wanaoosha trei wanajua bei ya mafuta vizuri kuliko unavyodhani.

Walipoona tarakimu, mazungumzo yaligeuka. Kijana wa bodaboda anayesambaza mitaani akasema watu wanashinda nyumbani na wanataka mkate asubuhi, tena mdogo, kwa sababu mfukoni hamna kitu. Tukaanza kuoka mkate mdogo na mandazi ya saa kumi na mbili asubuhi. Wenyewe wakapanga zamu, kila mmoja akapoteza siku kadhaa kwa wiki badala ya wachache kupoteza kazi. Wazo hilo nisingelipata peke yangu ofisini, na wao wasingelitoa kama wangedhani biashara bado ina pesa. Mfanyakazi asiyejua hali ilivyo hufanya la busara kwake: hutafuta kazi kwingine, au huanza kuchukua unga.

Jambo moja usilifanye siku hiyo ya ubao: usiahidi kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Huna uwezo wa kuahidi hivyo. Nilisema, “Nikiona tunalazimika kupunguza watu, mtasikia kwangu kabla ya kusikia sokoni.”

Na ikifika hapo, fuata sheria, si huruma wala hasira. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake, na afisa wa kazi naye aarifiwe. Malipo ya kuachishwa hayapungui siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Wa kuachwa huchaguliwa kwa kuangalia muda waliokaa kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao, si nani alikujibu vibaya Krismasi iliyopita. Halafu kuna waajiri wanaojidanganya kuwa vibarua hawamo kwenye sheria. Kibarua aliyefanya kazi kwako mfululizo kwa zaidi ya mwezi si kibarua tena machoni pa sheria. Soma kifungu cha 37 kabla hujasomewa mahakamani.

Sasa wadai. Hapa ndipo naona wenzangu wengi wakiharibu, tena watu hodari. Deni likikaribia, mtu anazima simu. Anabadilisha njia ya kwenda nyumbani. Anamwagiza mtoto wa dukani aseme “ametoka kidogo.” Msambazaji asiyekupata kwenye simu hukaa akiwaza mabaya kuliko hali yenyewe, na habari zake husafiri.

Unga wangu ulikuwa ukitoka Nakuru. Wiki mbili kabla ya deni kufika tarehe yake nilimpigia msambazaji, kisha nikapanda matatu nikaenda mwenyewe na ankara mkononi. Nilimweleza mambo matatu bila kuzunguka: hiki ndicho nilicho nacho leo, hiki nitakuletea kila Ijumaa, na naomba uendelee kuniuzia unga kidogo kwa pesa taslimu wakati deni la zamani linashuka. Alinung’unika, akakubali. Ijumaa nyingine kiasi kilikuwa kidogo mpaka nikaona haya kukituma kwa M-Pesa, lakini nilikituma. Anayekudai akiona deni linashuka kila wiki anatulia, hata kama linashuka polepole.

Benki nayo ni hivyo hivyo. Machi hiyo hiyo Benki Kuu iliruhusu benki kupanga upya mikopo ya watu walioathirika na korona, ila mkopaji ndiye aliyetakiwa kwenda kuzungumza na benki yake. Nawajua wafanyabiashara wa hapa mjini waliongoja waitwe. Hawakuitwa.

Wakubwa nao hawana kinga. Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa, ilichipuka Nakuru kama biashara ya magodoro, jina lenyewe linasema hivyo, ikakua hadi nchi jirani. Wadai wake walipopiga kura ya kuifunga Januari 2020, wasambazaji wengi walikuwa bado wanasubiri pesa zao. Nikimwona mfanyabiashara anafungua tawi jipya kwa pesa za mwenye unga, huikumbuka Nakumatt.

Bei pia ni habari mbaya, na mteja naye anastahili kuisikia kwako. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya unga wa ngano ilipanda kwa sababu sehemu kubwa ya ngano yetu hununuliwa nje, na nyingi ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraine. Kulikuwa na njia ya mkato ambayo kila mwoka mikate anaijua: bei ibaki, mkate upungue. Karatasi inasema gramu 400, mizani inasema vingine. Hilo ni kosa kisheria, na zaidi ya hapo, akina mama wa vibanda wana mikono inayojua uzito wa mkate bila mizani. Tuliwaambia wiki moja kabla kwamba bei inapanda, kiasi gani, na kwa nini. Wachache walihama. Wengi walipandisha bei yao siku ile ile na sisi, bila kushtukizwa.

Halafu mwaka 2023 ukaja na yake. Kuanzia Machi 20 maandamano ya upinzani yalikuwa Jumatatu na Alhamisi, na anayejua Kisumu anajua mtaa wa Kondele hugeuka vipi siku hizo. Septemba petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Katika mambo yote ya mwaka huo, uamuzi ninaoujivunia ni mdogo sana: nilimpa dereva mamlaka ya kugeuza gari. Akiona moshi mbele, asinipigie simu kuomba ruhusa; ageuke, mikate ikikauka ikauke, na hatakatwa hata senti. Mwenye biashara aliye ofisini haoni moshi. Akitaka kuamua kila kitu, dereva atakuwa ameshika simu badala ya usukani wakati mawe yanaruka. Tulihamishia mzigo mkubwa Jumapili na Jumatano, na magari yakawa yamerudi kabla mji haujachangamka. Juni 2024 maandamano ya vijana yalipokuwa Jumanne na Alhamisi, hakuna aliyehitaji kikao. Dereva na msimamizi walipanga upya siku, wakaniarifu.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji kabisa. Juni 2021, kafyu kali ilipowekwa kwenye kaunti 13 za ukanda huu, Kisumu ikiwemo, niliugua nikalala kitandani kwa muda. Bekari haikusimama kwa sababu msimamizi wetu alikuwa na idhini ya kutia sahihi benki pamoja na mume wangu, alijua Ijumaa hiyo Nakuru wanangoja kiasi gani, na alikuwa na daftari lenye namba za mwenye nyumba, fundi wa oveni, mtu wa hamira na afisa wetu wa mkopo. Kama kwako daftari hilo liko kichwani mwako tu, liandike wiki hii. Kisha mwite mmoja wa wafanyakazi wako, akae chini, mlipitie pamoja ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile kurasa za madeni ambazo unaona aibu kumwonyesha.