Kama grafu yako imeganda, usimwage hizo bakteria

Wadogo zangu mnaosoma biolojia ya molekuli, hili nawaambia kwa sababu lilinila wiki nzima. Mwaka wa tatu nilipewa kazi ya kukuza E. coli kwenye glukosi na laktosi kwa pamoja, kila dakika 20 nachota kidogo napima ukungu wake kwenye spektrofotomita. Mwanzoni namba zinapanda vizuri tu, mara zikaganda. Napima tena, ileile. Nikajua zimekufa, nikatia jiki nikamwaga, nikarudi hosteli nimenyong'onyea kabisa.

Kumbe pale ndo kazi yenyewe ilikuwa inaanza!! Glukosi ilikuwa imeisha na seli zinajipanga upya. Mwanabiolojia Mfaransa Jacques Monod aliiona grafu ya hivyo hivyo kule Paris miaka ya 1940, inapanda, inatulia, inapanda tena, akaing'ang'ania ile sehemu ya kutulia, na kazi iliyotokana na hapo ikampa Nobeli 1965 pamoja na wenzake Jacob na Lwoff.

Yaani glukosi ikiwepo, jeni za kula laktosi zinakuwa zimefungwa, kuna protini imeikalia DNA isisomwe, na laktosi yenyewe inazuiwa mlangoni. Glukosi ikikata, laktosi kidogo inapenya, inageuzwa alolaktosi, hiyo inaibandua ile protini, na huku cAMP (molekuli ndogo inayoashiria glukosi imekata) imepanda inashikana na CRP (protini ya kuwasha jeni) na hao wawili ndo wanasukuma jeni zisomwe kwa kasi. Sasa vimeng'enya vya kuvunja laktosi inabidi vitengenezwe kwa wingi na seli yenyewe iko na njaa, lazima ichelewe.

Kwa hiyo fanya hivi: glukosi weka kidogo, mi naweka gramu 0.5 kwa lita na laktosi 1.5, ukiona namba zinalegea anza kupima kila dakika 5 na usiondoke hata kama usingizi unakuua. Weka pembeni sampuli ya kabla ya namba kuganda na ya baada ya kupanda tena, zipasue kwa tone la klorofomu halafu tia ONPG (kemikali isiyo na rangi, kimeng'enya cha kuvunja laktosi kikiikata inatoa njano). Ya kabla itabaki karibu kama maji, ya baada inageuka njano, hicho ndo kimeng'enya ambacho saa chache nyuma kilikuwa hakipo kabisa au kiduchu sana.

Niliporudia na ile njano ikatokea ilikuwa saa 9 usiku, nikamwita mlinzi aje aone.