Barua kwa mwanangu: mgeni wa wiki 10

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili ndani ya treni. Unauliza kama ni kweli wasemavyo wenzako wa mwaka wa pili wa sheria, kwamba kazi ya majaribio ya kiangazi kwenye kampuni kubwa ya mawakili ni kula na kunywa tu, na ajira ya kudumu ukihitimu utapewa hata ukisinzia. Umemuuliza anayejua. Miaka 20 nimekaa meza ya ukatibu hapa Chicago, kila mwisho wa Mei nawapokea vijana kama wewe.

Nusu ni kweli. Wakili wa mwaka wa kwanza kwenye kampuni hizo kubwa hulipwa dola 225,000 kwa mwaka, na ninyi wa kiangazi mnalipwa kwa kiwango kilekile, kama dola 4,300 kwa wiki kabla ya kodi. (Mshahara wangu usiuulize.) Mtapelekwa kwenye mpira, mtapandishwa boti mtoni. Na miaka hii wengi mno huondoka na ofa ya ajira mkononi.

Lakini mimi nilikuwepo 2009. Uchumi ulikuwa umeanguka mwaka uliotangulia, na kampuni zilikuwa zimekwisha kuwaalika vijana kabla hazijajua kazi itakauka. Kiangazi kile, kwa hesabu za NALP, chama kinachofuatilia ajira za wanasheria, waliopata ofa hawakufika hata asilimia 70. Kijana mmoja niliyekuwa nikimchapia alisifiwa mbele yangu na wabia wawili, yaani mawakili wenye kampuni. Siku yake ya mwisho aliitwa ndani, mlango ukafungwa. Alipotoka aliniomba bahasha kubwa aweke karatasi zake, akanishukuru kwa kila kitu. Hakukosea lolote. Kwa hiyo kabla hujakubali, waulize waziwazi: mwaka jana mliwachukua wangapi, na wangapi mliwapa ofa? Si utovu wa adabu, wamezoea kuulizwa.

Wanaojiharibia wenyewe ni wachache, na sijaona hata mmoja aliyeponzwa na kukosa akili. Mmoja alimsema mteja ndani ya lifti, na mteja mwenyewe yumo. Wengine hukubali kila kazi inayoletwa, kisha zote zinachelewa. Mbia akikuletea kazi, kabla hajageuka mwulize anaitaka lini, na anataka memo kamili au jibu la nusu ukurasa. Nimewaona wakileta kurasa 20 kwa swali la dakika tano. Na makatibu wasalimie kwa majina. Mwezi wa nane huwa tunaulizwa maoni yetu, ila ninyi hamuambiwi.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko ugeni ni wa wiki 10, na jembe linakungoja umalize mwaka wa tatu na mtihani wa uwakili. Ndiyo maana sitaki uangalie sahani tu. Kampuni nyingi humtaka wakili atimize saa 1,900 au 2,000 kwa mwaka za kumtoza mteja, na hizo ni zinazoandikwa tu. Za mikutano ya ndani na za kusubiri barua pepe hazihesabiwi. Chakula cha mchana watakuketisha na wabia. Wewe mtafute wakili wa mwaka wa tatu, umuulize Jumapili iliyopita alikuwa wapi. Siku moja jifanye umesahau kitu, urudi ofisini saa tatu usiku. Tazama taa za nani zinawaka, na wenye taa hizo wanaongeaje wao kwa wao.

Baba yako anasema uchukue fedha kwanza, maswali baadaye. Ana hoja, mkopo wako wa shule tunaujua sote.

Ile suti ya buluu uliyoiacha kwangu nimeipeleka kwa fundi apunguze mikono ya koti. Itakuwa tayari Alhamisi. Njoo na viatu utakavyoivalia, tuone urefu wa suruali.

Mama