Kwa anayetaka kufanya utafiti wa huduma inayomjali mtu anayeishi na VVU

Swali la kama dawa za kufubaza virusi zinafanya kazi limeshajibiwa. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri kinga yake ishuke, na tafiti za PARTNER na PARTNER2, zilizofuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, hazikukuta ambukizo hata moja lililotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vimefubazwa. Malengo ya 95-95-95 ya UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, yanahesabu kwa asilimia wanaojua hali zao, walio kwenye dawa na waliofubaza virusi. Lakini hakuna linalouliza kama mtu analala usiku, kama ana maumivu, kama anaogopa kuonekana akiingia kliniki, wala kama alisikilizwa kabla ya kubadilishiwa dawa. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti walipendekeza liongezwe lengo la nne, la ubora wa maisha. Utafiti wa huduma inayomjali mtu umesimama hapo, na maswali yake bado ni mengi kuliko watafiti.

Wengi wanaoanza shahada ya uzamivu huja na kichwa kipana mno. Ndani ya huduma inayomjali mtu kuna mawasiliano kati ya mhudumu na mhudumiwa, maamuzi ya pamoja, faragha, uratibu wa kliniki ya VVU na huduma za afya ya akili au shinikizo la damu, na hata utaratibu wa kutoa dawa za miezi 6 kwa mkupuo mmoja kwa aliye imara kwenye matibabu. Chagua kipande kimoja. Swali zuri linataja nani, lini, sehemu gani ya huduma na kitu gani kitabadilika. Mfano: je, watu wa miaka 50 na zaidi wanaojaza dodoso fupi la mambo yanayowasumbua kabla ya kuonana na daktari huyazungumza zaidi mambo hayo chumbani kuliko wasiojaza? Hilo peke yake linatosha tasnifu.

Kinachofuata ni kipimo, na hapa ndipo miradi mingi huharibika. Wasimamizi waliozoea majaribio ya dawa watakusukuma uweke wingi wa virusi kuwa kipimo kikuu. Piga hesabu kwanza. Kama asilimia 92 ya watu wa kliniki wameshafubaza virusi na unatumaini kuwafikisha 95, utahitaji watu wapatao 1,050 kwa kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo. Bajeti ya mwanafunzi haifiki huko. Tena, huduma inaweza kumbadilishia mtu maisha bila kugusa namba hiyo kabisa, kwa kuwa ilishakuwa nzuri.

Ukikimbilia swali la "umeridhika na huduma?" nalo litakuangusha. Anayetegemea kliniki kwa dawa za maisha yake yote hasemi vibaya kuihusu, hasa anayeuliza akiwa amevaa koti jeupe. Wakipata alama ya juu kabisa zaidi ya asilimia 15 ya waliojibu, kipimo kimegota dari na hakiwezi kuonyesha maendeleo. Uliza matukio badala ya hisia za jumla: je, katika ziara ya mwisho ulielezwa sababu ya kipimo ulichofanyiwa? Je, kuna jambo ulitaka kusema ukakosa nafasi?

Kwa ubora wa maisha na unyanyapaa usitunge dodoso lako wakati yaliyojaribiwa yapo. Kwa ubora wa maisha, dodoso la WHOQOL-HIV BREF lina maswali 31 na la PozQoL lina 13, na kipimo cha unyanyapaa cha Berger cha 2001 kina 40, ingawa lipo toleo fupi la maswali 12. Ukiyaunganisha matatu hayo bila kufikiri utampa mshiriki maswali zaidi ya 80, na majibu ya kurasa za mwisho yatakuwa ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Binafsi naona dodoso lolote linalozidi dakika 20 linahitaji utetezi mzito. Omba ruhusa ya matumizi kwa maandishi mapema. Baadhi ya wamiliki huchelewa kujibu.

Kulihamishia dodoso kwenye lugha nyingine ni utafiti kamili, na mwenye haraka hulipa baadaye. Wafasiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, matoleo yao hupatanishwa, mtu wa tatu ambaye hajaona dodoso la asili hulirudisha kwenye lugha ya mwanzo, kisha tofauti hujadiliwa. Hatua inayorukwa zaidi ni ya mwisho: kukaa na watu 5 hadi 8 wanaoishi na VVU, mmoja mmoja, na kumwomba kila mmoja aeleze kwa maneno yake anachoelewa swali linauliza na amefikaje kwenye jibu. Ukikuta watu wawili wameelewa swali moja kwa maana mbili, rekebisha na urudie kwa watu wapya. Ukiruka hapo, utagundua kasoro ukiwa na majibu 400 mezani.

Wanaoishi na VVU waingie kabla andiko halijaenda kamati ya maadili. Madai haya si mapya: watu wenye UKIMWI waliyaandika mjini Denver, Marekani, mwaka 1983 na serikali zikayakubali Paris mwaka 1994. Kivitendo, kikundi cha washauri kiwe na watu 4 hadi 6. Usimwite mmoja pekee, kwa sababu atabebeshwa kuwasemea wote. Changanya jinsia na umri, na mtafute angalau mmoja aliyewahi kuacha kliniki, kwani waelimishaji rika hodari ndio watakaokuja wa kwanza na ndio waliokwisha kuzoea lugha ya hospitali. Weka posho na nauli kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, ulipe siku ya kikao. Andika pia mambo wanayoweza kuyabadilisha. Kama dodoso limeshafungwa, waambie hivyo, usijifanye unaomba maoni. Anayechangia kweli kwenye uchambuzi na uandishi awe mwandishi mwenza, lakini muulize kwanza kama anataka jina lake lionekane, maana jina hilo linaweza kufichua hali yake.

Faragha huvuja kwenye vitu vidogo. Jina la mradi kwenye bahasha, kibandiko cha gari na ujumbe wa simu lisitaje VVU. Kwenye fomu ya ridhaa uliza: tukupigie saa ngapi, na akipokea mtu mwingine tuseme nini? Orodha ya majina na namba za washiriki ikae mbali na majibu, ifunguliwe na watu wasiozidi wawili. Na kumbuka kwamba ukiwaandikisha washiriki kliniki pekee, umewakosa walioikimbia, ambao pengine ndio wana sababu nyingi zaidi za kusikilizwa.

Ukifika kwenye jaribio, mara nyingi utagawa kliniki na si watu, kwa sababu muuguzi aliyefunzwa kusikiliza hawezi kusikiliza mmoja na kumwacha mwingine. Watu wa kliniki moja hufanana, hivyo idadi lazima ipande: zidisha kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni watu kwa kliniki na r ni kiwango cha kufanana. Kwa r ya 0.05, watu 400 wanakuwa 1,380 ukichukua 50 kwa kila kliniki, lakini 780 tu ukichukua 20. Ongeza kliniki, punguza watu. Jaribio la kliniki nne liite la upembuzi yakinifu, wala usilisukumie madai makubwa.

Kwa kazi ya kitaaluma yenyewe: jifunze mahojiano ya kina na takwimu, vyote viwili, hata kama kimoja utakijua zaidi. Tafuta wasimamizi wawili wa fani tofauti. Saa 1 ya mahojiano hula saa 5 au 6 za kunakili, na zaidi kama kuna kutafsiri, kwa hiyo mahojiano 30 si jambo la mwezi mmoja. Wahakiki wa majarida ya tiba watakuuliza faida ya kitabibu iko wapi. Wajibu kwa kueleza tangu utangulizi kwa nini ulichagua kipimo ulichochagua. Andika "watu wanaoishi na VVU", usiandike "wagonjwa wa UKIMWI".

Matokeo yarudi kwa washiriki kwa ukurasa mmoja au kwa kikao, na kikundi cha washauri kiyaone kabla ya kuchapishwa. Kazi hiyo huangukia miezi ambayo ruzuku imeshakwisha, hivyo fedha yake itengwe kwenye ombi la kwanza kabisa.