Memori kadi inagoma kwenye Arduino Uno: anza na umeme, programu baadaye

Mkuu, umesema kadi yako ya GB 16 inasoma vizuri kwenye kompyuta, ila kwenye moduli ya bluu (bodi ndogo inayoshika kadi na kuiunganisha na Uno) SD.begin(), amri ya kuianzisha kadi, inagoma, na ikikubali, faili linaonyesha baiti 0. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza mara nyingi ni umeme. Angalia moduli: ikiwa ina kidude cheusi cha miguu mitatu chenye maandishi AMS1117 3.3, VCC (pini ya umeme ya moduli) iende kwenye 5V ya Uno. Wengi huipeleka 3.3V kwa sababu kadi ni ya volti 3.3. Ni kweli, lakini kidude hicho chenyewe hula takriban volti 1, hivyo kadi inabakiwa na 2 na ushee wakati inahitaji angalau 2.7. Tena pini ya 3.3V ya Uno imewekewa kikomo cha miliampia 50, na kadi ikiandika inaweza kuvuta 100 au zaidi. Unganisha kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya VCC na GND (upande hasi), palepale kwenye moduli. Kama yako ni adapta tupu isiyo na IC (chipu) yoyote, usiiunganishe moja kwa moja: ishara za Uno ni volti 5 na zinaweza kuiua kadi.

Waya za SPI (njia ambayo Uno inazungumza na kadi): CS (ya kuichagua kadi) pini 10, MOSI (data kwenda kwenye kadi) 11, MISO (data kutoka kwenye kadi) 12, SCK (mapigo ya saa) 13. Hata ukihamisha CS, pini 10 iache ikiwa OUTPUT (ya kutoa ishara). Waya zisizidi sentimita 15. Zikilazimika kuwa ndefu, punguza kasi kwa SD.begin(4000000, 10).

Fomati ya kadi (mpangilio wa kuhifadhi faili) iwe FAT16 au FAT32. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, na maktaba ya SD haiisomi. Jina la faili lisizidi herufi 8 na 3 za mwisho: JOTO0612.CSV litafunguka, joto_la_jumatatu.csv halitafunguka.

Sasa baiti 0. Unapoita println() (amri ya kuandika mstari), data haiendi kwenye kadi hapo hapo. Inakaa kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya baiti 512 ndani ya RAM (Uno ina 2048 tu, kwa hiyo maandishi yako yafunge kwa F() ili yasile RAM). Bafa ikijaa inaandikwa, lakini ukubwa wa faili kwenye orodha ya FAT hausahihishwi mpaka uite flush() (kusukuma data kwenye kadi) au close() (kufunga faili). Ukikata umeme kabla ya hapo, kompyuta inaona faili tupu hata kama sehemu ya data imeshaandikwa. Ukipima mara moja kwa dakika, ita flush() kila kipimo. Ukipima mara 100 kwa sekunde usifanye hivyo, kwani kadi inaweza kusimama hadi milisekunde 250 ikiandika, na vipimo vya katikati vitapotea.

Ukija kuongeza kifaa kingine cha SPI, mfano redio, kikagoma, shuku moduli hiyo hiyo. Nyingi za bei rahisi haziachii MISO hata CS ikiwa juu (yaani kadi haijachaguliwa). Dawa ni kutumia moduli inayoiachia.

Na kwa kuwa kadi utaitoa mara kwa mara, weka kitufe kinachoita close() na kuwasha LED. Chomoa kadi pale LED inapowaka. Ukirudisha kadi, bonyeza reset.