Kikoba cha Kijijini Kando ya Ziwa: Ziba Mianya Kabla Hujamlaumu Mtu

Vikoba vingi vya vijijini, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyokufa kabla ya wakati haviuliwi na mwizi. Vinauliwa na maneno: fulani kakopeshwa kimyakimya, daftari la katibu halilingani na kitabu cha mwanachama, sanduku limefunguliwa Jumanne wakati kikao ni Alhamisi. Kwenye kijiji ambacho watu wanachota maji sehemu moja na kuzikana, tuhuma ya namna hiyo haiishii kikaoni. Inafika mpaka msibani. Ndiyo maana ushauri wetu ni wa utaratibu kuliko wa mahubiri: panga mambo ili mwaminifu aonekane wazi kuwa mwaminifu, na mwenye tamaa asipate dakika tano peke yake na fedha za watu.

Kanda ya ziwa inalijua hili tangu enzi za pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliochoshwa na mizani ya wanunuzi waliweka watu wao vituoni kusimamia upimaji. Kutoka kwenye vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Hawakumwomba mfanyabiashara awe na huruma. Walisimama pembeni ya mzani.

Anza na sanduku. Liwe la bati nene, lichomelewe vizuri, liwe na sehemu tatu za kufuli. Funguo washike watu watatu ambao si viongozi, wasiotoka nyumba moja wala ukoo mmoja, na anayelaza sanduku kwake asiwe na ufunguo hata mmoja. Mwanya unaosahaulika kuliko yote ni funguo za ziada. Kufuli ya dukani huja na funguo mbili au tatu, na zile za ziada hubaki mfukoni mwa aliyetumwa kununua. Zihesabiwe mbele ya kikao siku ya kwanza, kisha ziharibiwe, au zifungwe kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi na kukabidhiwa mtu wa nje ya kikundi mnayemheshimu. Mshika ufunguo akisafiri, ufunguo wake usiende kwa mshika ufunguo mwenzake. Uende kwa mwanachama wa kawaida, na kikao kiambiwe ni nani.

Kikao chenyewe kianze kwa vichwa vya watu kabla ya daftari. Mwisho wa kila kikao katibu anatangaza kwa sauti takwimu mbili: kilichobaki mfuko wa mikopo na kilichobaki mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye msiba na shida. Nusu ya wanachama wanakariri ya kwanza, nusu ya pili. Wiki inayofuata, kufuli hazijaguswa, mwenyekiti anauliza: tuliacha shilingi ngapi? Wakishajibu ndipo sanduku linafunguliwa, wahesabu fedha wawili wanahesabu, na namba tatu, ya vichwani, ya sandukuni na ya daftarini, zinalinganishwa. Bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani anakuwa mkaguzi sawasawa na mwalimu wa shule ya msingi. Vikundi vinavyoacha hatua hii kwa kisingizio cha kuokoa muda huwa ndivyo vinavyokesha baadaye vikitafuta elfu arobaini imekwenda wapi.

Wanachama wakae kwa namba zao, kila mtu pale pale kila wiki, na fedha ziwekwe kwenye beseni katikati. Anayenunua hisa anataja kiasi kwa sauti, anaweka kwenye beseni, wahesabu wanarudia kiasi kile kile, kisha kitabu chake kinagongwa muhuri. Fedha zisipite mkononi mwa mhazini kwanza. Kama hisa ni shilingi 2,000 na mwisho ni hisa tano kwa kikao, kila ukurasa uwe na visanduku vitano kwa kila tarehe. Aliyenunua hisa mbili anagongewa mihuri miwili, na vile vitatu vitupu vinapigwa mstari wa peni hapo hapo. Kisanduku kikiachwa wazi, muhuri mmoja wa kificho miezi mitatu baadaye ni shilingi 2,000 zilizozaliwa hewani, na siku ya kuvunja, yaani kugawana mwisho wa mzunguko, zitalipwa kutoka kwenye jasho la wengine. Kwa sababu hiyo hiyo muhuri, wino na vitabu vyote vilale ndani ya sanduku. Mwanachama akitaka kwenda na kitabu nyumbani kumwonyesha mumewe, mumewe aje kikaoni.

Bei ya hisa ipangwe kwa kumtazama mwanachama mnyonge kuliko wote katika wiki yake mbaya. Mkiipandisha ili kikundi kionekane kikubwa, mtaanza kuona watu wakikopa kwa majirani ili wanunue hisa, na huo ndio mwanzo wa uongo mdogo mdogo.

Sasa mikopo, ambako ugomvi wa kweli unaishi. Kikomo cha kawaida ni mara tatu ya akiba ya mkopaji. Riba yoyote mtakayochagua, andikeni kwenye katiba inavyopigwa. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa miezi mitatu kwa asilimia 5 ya mwezi, ukipigwa juu ya mkopo wa mwanzo, unazaa riba ya 45,000. Ukipigwa juu ya salio, kwa marejesho ya 100,000 kila mwezi, unazaa 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000, jumla 30,000. Hiyo tofauti ya elfu kumi na tano ndiyo inayomfanya mtu aseme ameibiwa, na mhazini aseme anasingiziwa, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Jambo la pili linahusu vijiji vya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na vitabu vya mafunzo kutoka mbali na ziwa havilitaji kabisa. Fedha ya dagaa inafuata giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu, na mvuvi, mwanika dagaa, mama ntilie wa mwaloni, wote mifuko inakauka kwa pamoja. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda mara nyingi una 30 au 31, kwa hiyo tarehe ya marejesho inasogea kama siku moja tu kila mwezi ukilinganisha na mbalamwezi. Maana yake ni kwamba mkopo wa miezi mitatu ukipangiwa tarehe inayoangukia mbalamwezi, marejesho yote matatu yataangukia mbalamwezi. Mtu huyo mtamwita tapeli mara tatu mfululizo wakati kosa ni la kalenda yenu. Mikopo ya watu wa dagaa ipangiwe marejesho mwishoni mwa giza, kila giza. Mkulima wa pamba au mpunga naye apangiwe baada ya mauzo, akilipa riba tu katikati. Msimuige mwenye duka, ambaye anaweza kulipa kila wiki.

Anayeanika dagaa ana hatari nyingine: mvua. Mzigo ulioanikwa mchangani ukinyeshewa unaoza au unaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kabla ya kumpa mkopo mkubwa wakati wa masika au vuli, ulizeni kama ana chanja na turubai. Swali hilo linalinda fedha kuliko kiapo chochote.

Wadhamini wawe wawili, wote wanachama, na mume au mke asihesabiwe kuwa mdhamini, kwa sababu nyumba ikiyumba wanayumba pamoja. Mwenza aitwe tu kama shahidi, asikie kiasi na tarehe. Kwa vijana wanaovua, udhamini una uzito zaidi, maana kambi zinahama: leo yuko hapa, mwezi ujao yuko kisiwa cha Ukerewe au Kome, simu haipatikani. Mdhamini ajue jina la tajiri wa mtumbwi anaofanyia kazi, na ajue pia kama kijana huyo tayari ana deni kwa tajiri, kwa sababu tajiri anakata chake kabla ya mgawo na kikoba kinabaki na mifupa.

Mfuko wa jamii hauna riba, na kila mtu anachanga sawa, mfano shilingi 500 kwa kikao. Hapa katiba itaje kiasi na itaje watu: mzazi aliyekuzaa, mwenza, mtoto. Mkiandika "ndugu wa karibu" mmejichimbia shimo, kwani kwetu kila mzee ni baba mdogo wa mtu.

Mtu akichelewesha, sheria moja ifanye kazi kubwa: aliyekuja kusema kabla ya tarehe anapangiwa upya bila faini, mara moja tu kwa mkopo, aliyenyamaza analipa faini. Watu wataanza kusema mapema, na kikao kitajua hali ya fedha kabla haijawa siri. Akiendelea kukaa kimya, wadhamini na mwenyekiti wamfuate nyumbani jioni, bila umati. Baada ya hapo hisa zake zifidie deni, wadhamini wamalizie, na kikiwa kiasi kikubwa suala lipelekwe kwa uongozi wa kijiji kwa maandishi. Msing'oe bati la mtu wala kubeba godoro lake. Hiyo ni tabia ya kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, inaweza kuwafikisha polisi nyinyi mnaodai, na hakuna mwanachama atakayekopa tena kwa moyo mweupe baada ya kuiona.

Kisajilini kikundi halmashauri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya kijamii daraja la nne, na usajili unawasaidia siku mtakapohitaji kufungua akaunti au kushitaki. Ila tahadhari na kikundi kinachoundwa kwa haraka ili kuwahi mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Watu wasiojuana vizuri, fedha ya mkupuo, na hakuna hata mmoja aliyeweka jasho lake: hicho hugawana na kutawanyika.

Miezi miwili ya mwisho sanduku linajaa kwa sababu mikopo mipya imesimama na marejesho yanaingia. Huo ndio wakati wa hatari ya wizi wa nje. Fedha ziende kwenye akaunti ya kikundi, ya benki au ya simu kama M-Koba, ambayo mtu mmoja hawezi kutoa peke yake. Zisiwekwe kwenye laini ya mhazini, hata awe mtu mzuri namna gani, kwani akifariki hiyo fedha inakuwa ya mirathi.

Siku ya kuvunja, madeni yote yamefungwa, hesabuni fedha mbele ya wote na mgawanye kwa jumla ya hisa. Fedha zote zikiwa 6,480,000 na hisa zilizouzwa ni 2,400, kila hisa ni 2,700. Andikeni mgawanyo huo kwa chaki ubaoni au ukutani, kila mwanachama apigiwe hisabu yake kwa sauti, kisha asaini au aweke dole gumba. Msianze mzunguko mpya siku hiyo hiyo. Acheni wiki mbili, mrudi bila fedha, mchague viongozi upya kwa kura za siri, na kila jina, la zamani na jipya, lijadiliwe kabla halijaandikwa kwenye daftari.