Sharti la CHECK: lijaribu kabla hujaliamini

Ukianza kazi ya hifadhidata utaambiwa ukague data kwenye fomu. Kagua, ila fomu ni mlango mmoja tu. Data huingia pia kwa faili za Excel, kwa skripti za usiku, na kwa mwenzako anayeandika UPDATE (amri ya kubadilisha data) kwa mkono huku akiwahi daladala. Sharti la CHECK, yaani kanuni ambayo kila mstari unaoingizwa au kubadilishwa lazima uitimize, hukaa kwenye jedwali lenyewe na huwakuta wote hao.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa matokeo ya shule. Jedwali la alama nikaliwekea:

CHECK (alama BETWEEN 0 AND 100)

Nikalala fofofo. Baadaye mwalimu akapiga simu: kuna mtoto ana 870 ya Hisabati. Kumbe seva ilikuwa na programu ya hifadhidata ya MySQL, toleo la 5.7, na matoleo yale yalisoma sharti, yakalipokea bila kulalamika, kisha yakalitupa. MySQL ilianza kulitekeleza kwenye toleo la 8.0.16, mwaka 2019. Siku hizi nikiweka sharti, kitu cha kwanza naingiza 870 makusudi nione kama nitafukuzwa.

Tulipohamia PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ALTER TABLE (amri ya kuongeza sharti kwenye jedwali lililopo) ikagoma, maana mistari ya zamani ilishachafuka. Hapo ongeza NOT VALID kwenye amri hiyo: sharti linabana kinachoingizwa au kubadilishwa kuanzia sasa. Safisha ya zamani taratibu, kisha endesha VALIDATE CONSTRAINT ili nayo ikaguliwe. Na lipe sharti jina linaloeleweka, kama alama_0_hadi_100, kwa sababu ndilo utakaloliona kwenye ujumbe wa kosa saa nane usiku.

Wengi hunaswa na NULL, yaani nafasi isiyo na thamani yoyote. CHECK hukataa pale tu jibu linapokuwa si kweli. Ukilinganisha NULL na 100, jibu halijulikani, na lisilojulikana linapita. Ukitaka lisipite, ongeza NOT NULL. Ila muulize mwalimu kwanza, huenda kwake nafasi tupu maana yake mtoto hakufanya mtihani.

Sharti hili linaona mstari wake tu. Kulinganisha safu mbili za mstari huohuo, mfano tarehe ya kuhama isitangulie ya kuandikishwa, linaweza vizuri. Kuhesabu masomo ya mwanafunzi kwenye mistari mingine ni kazi ya triga, yaani msimbo unaojiendesha wenyewe data inapobadilika. Kuna wanaoficha hoja ya namna hiyo ndani ya funksheni, na PostgreSQL itawakubalia. Mimi siipendi kabisa: mistari ile mingine ikibadilika, sharti halikaguliwi upya, na siku ya kurejesha nakala rudufu data inaweza kukataliwa na jedwali lilelile ilikotoka.