Boa wangu ni wa Suriname kweli?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina nyoka aina ya boa, dume wa mwaka mmoja. Aliyeniuzia alisema ni wa Suriname, kule Amerika Kusini, na kweli mkia wake umekolea wekundu. Mfugaji mwenzangu alimtazama akacheka, akasema huyo ni wa Kolombia tu. Nani mkweli? Nataka kumtafutia jike.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuhesabu. Yale mabaka ya mgongoni yenye umbo la tandiko, yahesabu toka shingoni mpaka usawa wa tundu la haja. Boa constrictor wa Suriname, Guyana na bonde la Amazon kwa kawaida huwa nayo chini ya 22, na mengi yamechongoka kama popo aliyekunjua mabawa. Boa imperator, anayeanzia Meksiko kushuka hadi Kolombia, huwa na 22 au zaidi, na mkia wake mara nyingi ni wa kahawia au wekundu uliofifia. Mara nyingi, si kila mara! Wapo wenye mikia inayowaka, na wauzaji wamewaita "mkia mwekundu" miaka nenda rudi.

Hesabu hiyo itakusaidia kujua spishi. Mahali alikotoka haikwambii. Guyana na Suriname zimetenganishwa na mto Corentyne, na boa ni mwogeleaji hodari. Tena jina la kwenye karatasi za mzigo ni la nchi alikopakiliwa. Msitu alikokamatwa haumo. Mtu akiapa kwa sura tu kwamba huyu ni wa Guyana na yule wa Suriname, mwache aape.

Mimi nililipia somo hili. Niliuziwa jike kwa jina la Hog Island, yaani boa wa visiwa vya Cayos Cochinos, Honduras: wadogo, weupe wa maziwa wenye wekundu kidogo, mabaka yamefifia, na usiku rangi huzidi kung'aa. Wangu alikuwa na yote hayo. Ila hakuacha kukua! Mwaka wa nne alivuka mita mbili, wakati wa visiwani kwa kawaida huishia karibu mita moja na nusu. Kumbe ipo jeni ya kupunguza weusi, na akiirithi kwa mzazi mmoja tu, boa wa bara hutoka mweupe vilevile. Hata albino wako hivyo: zipo koo ambazo ukizichanganya, watoto wote hutoka na rangi ya kawaida, maana jeni zao si moja.

Rangi ya kurithi unaweza kuithibitisha kwa kuzalisha. Asili ya mahali huithibitisha kwa maandishi tu. Basi mrudie muuzaji: wazazi wa dume ni akina nani, walizaliwa kwa nani, nani aliwaingiza, picha zao ziko wapi? Akianza kujikuna kichwa, andika "asili haijulikani" na umpende hivyo hivyo. Ila usimpandishe kwa jike wa Suriname mwenye kumbukumbu kamili. Boa hatagi kama chatu, huzaa, na mzao mmoja waweza kupita watoto 20. Wote watauzwa kwa jina lile la kubahatisha.

Jike wangu bado ninaye. Kwenye kadi yake neno "Hog" nimelikata kwa wino mwekundu.